Barua ya wazi kwa maafande wa mafunzo ya bastola: chagueni namna moja ya kubadili magazini, mtufundishe hiyo mpaka ikae mikononi

Maafande mnaopanga mafunzo ya bastola, nyie wa polisi na nyie mnaofundisha raia kujilinda, shikamooni wote. Najua meza zenu zimejaa barua, ila hii naomba muisome mpaka chini maana siombi bastola mpya wala bajeti mpya, naomba mpunguze kitu. Ni mara chache mtu anawaandikia wakubwa akiomba wapunguze.

Juzi nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari pale renji, uwanja wa mazoezi ya shabaha, namwangalia kijana mmoja akifanya zoezi. Bastola ikaisha risasi, slaidi, kile chuma cha juu kinachoenda nyuma na mbele, ikabaki nyuma, akabonyeza kitufe, magazini tupu, lile kasha la risasi, ikadondoka, na yule kijana akainama kuiokota. Shabaha iko mbele yake mita saba, zoezi halijaisha, saa inahesabu, yeye yuko chini anapapasa changarawe na bastola iliyo wazi mkono wa kulia. Akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaitia mfukoni, ndo akakumbuka kuna nyingine kwenye mkanda. Nikamuuliza baadae, mdogo wangu pale ulikuwa unafanya nini, akanijibu bila hata kushangaa: afande, magazini ikipotea inakatwa kwangu.

Sasa huyo kijana sio mjinga, tena ana shabaha nzuri kuniliko. Amefanya alichozoeshwa. Mikono haina habari kama leo ni mazoezi au ni kweli, mikono inarudia ilichofanya mara nyingi, na sisi kwa miaka tumeizoesha mikono ya watu kuokota vyuma.

Mnakumbuka ile hadithi ya Newhall, California, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Aprili 1970, askari wanne wa California Highway Patrol, polisi wa barabara kuu, waliuawa ndani ya dakika kama tano hivi. Walimu wengi tumeisimulia, na mi nimo, kwamba mmoja wao James Pence alikutwa na maganda ya risasi mfukoni kwa sababu renji alizoeshwa asitupe maganda chini. Waliokuja kuichunguza upya miaka mingi baadae wakasema haikuwa hivyo, maganda aliyaacha palepale chini. Mi nilivyojua hilo nikaona aibu kidogo, nimewatishia vijana wangapi na hadithi isiyo kweli. Ila jiulizeni mbona dunia nzima ya walimu wa silaha iliiamini mara moja bila kuuliza? Kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameona watu wakiweka maganda mfukoni renji, kwa hiyo ikaingia akilini tu. Na lile ambalo ni kweli kuhusu Pence linatosha lenyewe, rivolva yake, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi sita iliisha, akawa anajaza risasi mojamoja kwa vidole gizani, na mmoja wa wauaji akamfikia kabla hajafyatua tena. Baada ya pale ndo wale jamaa wakahamia kwenye spidiloda, kile kidude kinachoshika risasi sita kwa pamoja unaziingiza zote mara moja.

Tuelewane majina kwanza maana mkorogo unaanzia hapa. Kuna kubadili kwa dharura, bastola imeisha, slaidi imejifungia nyuma, unaangusha tupu, unapachika iliyojaa, unarudisha slaidi mbele, unaendelea. Kuna kubadili kwa haraka, bastola bado ina risasi ila umeona bora uongeze, iliyopungua unaiacha ianguke na risasi zake. Kuna kubadili kwa kutunza, iliyopungua unaitoa kwanza unaiweka mfukoni ndo unapachika mpya. Alafu kuna ile inayopewa sifa zote, ya kimbinu, unachomoa magazini mpya kwenye pochi, kile kimfuko cha mkandani, unaileta mpaka chini ya bastola, unaipokea ile iliyopungua kwenye kiganja hichohicho, yaani magazini mbili mkono mmoja, unapachika hii unaficha ile.

Mimi nilifundishwa zote nne asubuhi moja. Moja. Kabla ya chai tulikuwa tumemaliza, kila mtu kajaribu kila moja mara tano sita, mwalimu akaridhika, tukaandikiwa tumefuzu. Na mtihani wa mwisho mnajua walitupima nini? Ile ya magazini mbili mkono mmoja, kwa sababu ndo ngumu, na kitu kigumu kinaonekana kama ndo mafunzo.

Hoja yangu ni kwamba polisi wa kawaida, anayepata siku chache sana renji kwa mwaka, na raia ambaye hata hizo hapati, anatakiwa abaki na namna moja tu inayofanywa kwa kasi na presha, nayo ni ile ya dharura. Hizo nyingine mzitoe kwenye mazoezi ya kupimwa kwa saa. Ile ya kutunza ibaki kama kazi ya utulivu, ya kimbinu mnaweza kuizika na hakuna atakayelia.

Naanza na kwa nini ya dharura. Hakuna mtu anayehesabu risasi zake akiwa anapigwa risasi, nani ataweza. Tunajidanganya kwamba askari atafyatua tatu nne, atatulia, atasema nimebaki na tisa ngoja nibadili. Ripoti ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York, ikiangalia miaka ya 1998 hadi 2006, ilikuta kwamba pale mtuhumiwa naye akiwa anafyatua, risasi za polisi zilizopata ni asilimia 18. Chukua bastola ya Glock 17 yenye risasi 17 kwenye magazini, kwa hesabu hiyo zitakazofika ni tatu tu, iliyobaki ni ukuta na gari na mungu anajua wapi. Mwaka huohuo wa 2008 huko Skokie, Illinois, polisi mmoja alifyatua risasi 33 kwa mtu mmoja, zaidi ya kumi zikampata na jamaa bado alikuwa anapambana, na inasemwa yule polisi baada ya hapo akawa anabeba risasi 145 kila siku kazini. Sisemi kila tukio liko hivyo, mengi yanaisha kwa risasi chache na magazini ya pili haiguswi kabisa, na huko kwa raia ndo haiguswi zaidi. Lakini siku ikiguswa itakuwa ni kwa sababu bastola imeisha na mwenye bastola ameshtuka kwamba imeisha. Hiyo ndo hali. Basi fundisheni hiyo hali.

Ile ya kimbinu ina uzito gani hapo? Wanaoitetea wanasema unakuwa bila magazini kwa muda mfupi zaidi, na risasi hazipotei. Kwa mtu mwenye 1911, ile bastola ya kizamani ya Marekani, magazini nyembamba ya risasi 7, kiganja kinaweza kushika mbili bila shida na kila risasi ina thamani. Kwa magazini nene za siku hizi zenye risasi 15 au 17, kwa mtu mwenye kiganja kidogo, jasho, glavu, usiku, mi nimeona ikidondoka ile iliyojaa na kubaki mkononi ile iliyopungua mara nyingi mpaka nimeacha kucheka. Sehemu ya mapenzi haya nadhani yametoka kwenye mashindano, kanuni za IDPA, chama cha mashindano ya bastola, tangu ianze 1996 kwa muda mrefu zilikataza kuacha magazini yenye risasi chini, ukiiacha unaadhibiwa, kwa hiyo watu wakazoea kuona kuacha magazini ni kosa. Wenzao wa IPSC, chama kingine cha mashindano, wanazidondosha tu na maisha yanaendelea. Zote mbili ni michezo, mizuri tu, nimecheza, ila kanuni ya mchezo imeingia kwenye mtaala wa kazi bila mtu kuuliza imeingiaje.

Ile ya kutunza naikubali, ila mahali pake ni baada. Umejikinga, kelele zimeisha, mwenzako anaangalia mbele, unapumua, kabla hujarudisha bastola kwenye holista unatoa iliyopungua unaiweka mfuko wa suruali, sio kwenye pochi maana ukiirudisha kwenye pochi kesho utaichomoa ukidhani imejaa, unapachika mpya, unaivuta kidogo kuhakikisha imeshika. Hiyo haihitaji saa ya kuhesabia. Ukimpima mtu sekunde kwenye hiyo unamfundisha kuharakisha kitu ambacho faida yake yote ni kutoharakisha.

Na hapo kwenye kuivuta nisimame kidogo. Magazini iliyojaa pomoni ukiipachika slaidi ikiwa imefungwa mbele, risasi ya juu inagonga chini ya slaidi, springi yote imebanwa, kwa hiyo inataka kusukumwa kwa nguvu ndo ikamate. Mtu akiisukuma kistaarabu inaonekana imeingia kumbe haijashika. Risasi ya kwanza inatoka vizuri kwa sababu ilikuwa kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa, ya pili haipo, na magazini iko kwenye viatu vyako. Hii imenitokea mimi mwenyewe mbele ya kundi nililokuwa nalifundisha. Nilibaki nimeshika bastola naiangalia kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Tangu siku hiyo naipiga kitako na kiganja, alafu naivuta, hata kama ni bastola ya kuonyeshea.

Sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa, slaidi irudishwe mbele vipi. Nyie wenyewe mmegawanyika, nimefundishwa na afande mmoja akaniambia ukimwona mtu anatumia kile kiliva cha pembeni kinachoachia slaidi mwambie atakufa, mwaka uliofuata akaja mwingine akasema ukimwona mtu anavuta slaidi kwa mkono mwambie anapoteza muda. Sisi tulio chini tunafanya nini? Tunafanya ya afande aliyepo siku hiyo.

Wa kuvuta slaidi wanasema ukiwa na hofu vidole vinakuwa vizito, kiliva ni kidogo, hutakipata. Hoja hii nimeisikia miaka na kuna siku nikagundua ina tundu. Kitufe cha kuachia magazini nacho ni kidogo na tunakibonyeza kwa kidole gumba hichohicho, triga nayo ni kazi ya kidole kimoja. Sasa kidole kinakuwa hai kwenye kitufe, kinakufa kwenye kiliva, kinafufuka kwenye triga? Haiwezekani. Kwa hiyo hoja ya vidole vizito iacheni, tuseme za kweli.

Za kweli ni hizi. Kiliva ni haraka zaidi na mikono yote inakuwa imeshakaa kwenye mshiko wakati slaidi inaenda mbele. Kuvuta slaidi kunachukua muda kidogo zaidi ila kunafanya kazi kwenye karibu kila bastola utakayoshika, na ni mwendo uleule unaotumia risasi ikikwama, kwa hiyo mkono unajifunza kitu kimoja kwa matumizi mawili. Kuna bastola ambazo kiliva chake ni kigumu kweli, hasa ndogo na mpya, kuna mikono mifupi isiyokifikia bila kuvunja mshiko. Na kuna wanaotumia mkono wa kushoto, ambao kwenye mitaala yetu ni kama hawajazaliwa. Bastola nyingi kiliva kiko upande wa kushoto tu, mwenye shoto anakibonyeza kwa kidole cha shahada, sio gumba, na kitufe cha magazini vilevile. Glock waliruhusu kitufe kihamishwe upande kuanzia kizazi cha nne mwaka 2010, na kizazi cha tano cha 2017 kikawa na kiliva pande zote mbili, kwa hiyo wenye bastola hizo wamepona. Wengine wote bado wanatazama mwalimu wa kulia na kujitafsiria wenyewe.

Uamuzi wangu, na hapa wengine mtanuna: kama kitengo chote kina bastola ya aina moja, mikono ya watu inakifikia kiliva na mnazo siku za renji za kutosha, fundisheni kiliva. Kama bastola ni mchanganyiko, au mtu leo anapewa hii kesho ile kutoka ghalani, fundisheni kuvuta slaidi, kiganja juu yake nyuma ya tundu la kutolea maganda, kamata, vuta mpaka mwisho, achia, usiisindikize kwa mkono. Kuisindikiza ndo kunaleta risasi kutoingia chemba. Lakini chagueni. Mwalimu wa Jumatatu na mwalimu wa Alhamisi waseme kitu kimoja. Na mwambieni kijana pia kwamba kuna bastola ukipachika magazini kwa nguvu slaidi inaenda mbele yenyewe, inafurahisha, ila asiitegemee, mara nyingine inaenda bila kuchukua risasi na anabaki na bastola iliyofungwa vizuri isiyo na kitu.

Jambo jingine ambalo mitaala ya kunakili inasahau, bastola zenyewe hazifanani. Mtaala ulioandikwa kwa ajili ya bastola ya kisasa unasema bonyeza kwa gumba, magazini idondoke yenyewe wakati mkono wa pili unaenda kwenye pochi. Sawa. Mpe huyo mtu Makarov, ile bastola ya Kirusi. Kishikio cha magazini kiko chini kabisa kwenye kisigino cha mpini, mkono wa pili lazima ukisukume nyuma na kuichomoa magazini kwa vidole, haidondoki, na ina risasi 8 tu kwa hiyo itaisha mapema. Huwezi kumwambia adondoshe huku anafuata nyingine, mkono wenyewe ni uleule. Kwa Makarov mwendo ni mwingine, sukuma, chomoa, tupa, ndo uende kwenye pochi, na mtaala unaojifanya hauioni unamdanganya askari. Browning Hi-Power nayo ina ugonjwa wake, ukitoa magazini triga haifanyi kazi, na kile kidude cha usalama kinaikaba magazini kidogo kwa hiyo mara nyingi inatoka kwa kusita, sio kudondoka. Maana yake mwenye bastola ya namna hiyo akianza kubadili kwa kutunza katikati ya hatari, ile risasi iliyobaki kwenye chemba ambayo mwalimu alimwambia ni akiba yako, sio akiba. Ni mapambo.

Wenye rivolva bado wapo, walinzi wengi tu. Kwao neno ni fupi. Mtutu juu wakati wa kutoa maganda, gonga kile kijiti cha kusukumia maganda kwa kiganja mara moja kwa nguvu, mtutu chini wakati wa kujaza. Ukigonga kwa upole mtutu ukiwa umelala, ganda moja linaingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda na hapo umekwama, kulitoa ni kazi ya kucha na subira na wewe huna vyote. Wapeni spidiloda, au angalau ule mkanda wa mpira unaoshika risasi kwa mstari. Kujaza risasi mojamoja kwa vidole tuliona mwisho wake mwaka 1970.

Sasa mikono ikae wapi. Hapa naona walimu wengi mko vizuri, ila nitasema nilichoona. Mtu akibadili magazini huku bastola iko chini kwenye kitovu, kichwa kinafuata bastola, macho yako chini, haoni mbele. Ilete juu, usawa wa kifua mpaka kidevu, kiwiko kiegemee mbavu, tundu la magazini lielekee kwenye pochi. Hapo unaweza kutupa jicho mara moja kwenye tundu na kulirudisha mbele, ni kama kutazama kioo cha pembeni ukiwa unaendesha. Wanaosema usiangalie kabisa naomba wajaribu gizani na glavu. Angalia, sekunde robo, rudi. Kidole cha shahada cha mkono wa pili kilale mbele ya magazini, ncha yake karibu na risasi ya juu, kwa sababu kidole kinajua kuelekea mahali, ukielekeza kidole kwenye tundu magazini inafuata. Kidole cha triga kiwe nje, pembeni ya fremu, muda wote wa kubadili. Hili tunalisema kila siku na bado ukipiga video utaona vidole vinarudi ndani wakati mtu anahangaika, kwa sababu mkono mmoja ukikamua na mwingine nao unakamua.

Na pochi, jamani pochi. Ziwe mbili, upande wa mkono usioshika bastola, risasi zitazame mbele kwenye kifungo cha mkanda. Sio siri hiyo, lakini nendeni leo pareti mkague mikanda, mtakuta redio imekaa palepale pa magazini, mtakuta pingu, mtakuta simu, mtakuta magazini moja imetazama mbele na nyingine nyuma. Mimi nilishapachika magazini kinyumenyume, usiku wa mvua, kwenye zoezi, nikagonga mara tatu nikidhani tundu limeingia tope. Kumbe niliiweka vibaya asubuhi nikiwa navaa haraka. Tatizo langu la usiku nilikuwa nimeshalitengeneza saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna la mkono mmoja, na hili silitaki liwe kubwa ila lisikosekane. Miami, tarehe 11 Aprili 1986, maajenti wanane wa FBI dhidi ya watu wawili, maajenti wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Gordon McNeill alipigwa mkononi, akajaribu kujaza rivolva yake na hakuweza, damu na nyama viliingia kwenye silinda. John Hanlon alipigwa mkono wakati anajaza. Edmundo Mireles mkono wa kushoto ulikuwa umeharibika, akaikoki shotigani kwa mkono mmoja na ndiye aliyemaliza kazi. Mikono inapigwa, kwa sababu mikono iko mbele pamoja na bastola, na adui anaangalia bastola. Basi angalau mara moja kwa mwaka, na risasi bandia, sio za kweli, kila mtu abadili magazini kwa mkono mmoja, bastola ibanwe katikati ya magoti au irudi kwenye holista kinyume tundu likitazama nje, slaidi ikwaruzwe kwenye mkanda au kisigino cha kiatu kupitia saiti ya nyuma. Asiwe hodari. Aijue tu kwamba inawezekana, siku hiyo isiwe mara ya kwanza kufikiria.

Turudi kwa yule kijana na changarawe. Chanzo cha yote ni daftari la ghala. Magazini ni kitu cha kuisha, ina springi, ina midomo ya bati ya juu inayopinda ikianguka vibaya kwenye zege, na midomo ikipinda risasi zinakwama, na mnashangaa bastola mbovu kumbe bastola nzima. Springi haichoki sana kwa kukaa imejaa, inachoka kwa kujazwa na kumwagwa mara nyingi. Kwa hiyo fanyeni hivi, tengeni magazini za mazoezi, zipigwe rangi kitakoni, zianguke, zikanyagwe, zipinde, zifutwe kwenye daftari zikifa. Za kazi ziwe na namba, zisafishwe, zifyatuliwe kwa kuhakikishwa, alafu zikae kwenye mkanda. Tandikeni mkeka chini pale mstarini kama mnaona uchungu sana. Na mwalimu atangaze mbele ya kila mtu kwamba kwenye zoezi anayeinama kuokota anaanza upya. Mtaona baada ya wiki mbili tu.

Mkiona gharama, hesabuni saa zile mlizotumia kufundisha namna nne. Kubadili magazini hakuhitaji risasi za moto hata moja. Risasi bandia, bastola iliyokaguliwa mara mbili na mtu wa pili, ukuta salama, dakika kumi kabla ya pareti. Hodari wa mashindano anabadili chini ya sekunde mbili kuanzia slaidi ikiwa nyuma, simwombi askari wa kawaida afike huko, naomba afanye mara kumi mfululizo bila kuangusha, hata ikiwa sekunde nne. Kasi itamfuata yenyewe.

Mtihani nao ubadilike. Leo mtahiniwa anaambiwa jaza risasi tano, fyatua tano, badili, fyatua tano. Anajua ya tano ndo ya mwisho, mkono umeshaanza kwenda kwenye pochi kabla slaidi haijafika nyuma, hapo mnapima kumbukumbu ya hesabu. Mwingine amjazie. Tatu kwenye hii, saba kwenye ile, na katikati risasi bandia moja, ili ashindwe kujua kama ni kuisha au ni kukwama. Slaidi iko nyuma, abadili. Slaidi iko mbele na haikulia, agonge kitako, avute, aendelee, na ikigoma tena atoe hiyo magazini aitupe apachike nyingine, maana mara nyingi ugonjwa uko kwenye magazini. Mara ya kwanza kulifanyia kundi langu hivi, wenye alama za juu kabisa walisimama wakavuta triga mara mbili tatu kwenye bastola iliyofunguka wazi mbele ya macho yao. Wengine watatu walikuwa wameshikilia kiliva kwa gumba bila kujua, kwa hiyo slaidi haikujifungia nyuma hata siku moja na walidhani bastola zao zina matatizo, miaka yote hiyo wakiandika fomu za ufundi.

Na nyie maafande wenyewe, siku mtakayoamua kuja kuliona hili, njooni na bastola zenu za kila siku na mikanda mnayovaa kweli, sio ile ya kuazima ghalani. Magazini mtaziacha kwangu mlangoni, nitazijaza mimi, na sitawaambia nimeweka ngapi.